Donostia (San Sebastián): mji wa chakula kweli, au tunauziwa sifa?

#1 Chumvi_ya_Tanga
Wakuu, salaam.

Nimerudi juzi na mama watoto kutoka San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, mji ambao Wabaski, wenyeji wa huko, wanauita Donostia. Kila niliyemwambia naenda huko alinijibu "utakula mpaka ukome". Sasa niseme bila kung'ata maneno: nimeona vipande vya mkate vimechomekwa vijiti, unakula umesimama, unasukumwa huku na huku, kila kipande euro tatu, nne, mpaka tano, na ukitoka nje tumbo bado linauliza chakula kiko wapi. Saa kumi na mbili jioni tunaingia mgahawani, tunaambiwa jiko limefungwa, njooni saa tatu usiku. Saa tisa alasiri tunaenda dukani, duka limefungwa, mwenyewe kaenda kula.

Mji ni mzuri, sibishi. Ufukwe wa La Concha umejikunja vizuri na kile kisiwa cha Santa Clara katikati. Lakini upande wa chakula nasema ni matangazo. Anayebisha aje na hoja.

#2 Bwana_Kachumbari
Nachukua siti. Mtu wa Tanga kasimamishwa kula mkate bila chai, hapa kuna kesi.

#3 Dada_wa_Gros
Chumvi, poleni na safari. Mimi naishi huku huku, mtaa wa Gros, ng'ambo ya mto Urumea. Nina hakika mliganda baa moja ya Mji Mkongwe, mkapewa sahani, mkajaza kila kilichokuwa kaunta.

Wenyeji hawafanyi hivyo. Unaingia baa, unakula kile kimoja ambacho baa hiyo inasifika nacho, unakunywa gilasi ndogo, unalipa, unahamia ya pili. Vilivyopangwa juu ya kaunta vingi vimekaa pale kwa saa kadhaa. Vya maana vimeandikwa ubaoni ukutani na havitoki jikoni mpaka uviagize: mashavu ya ng'ombe yaliyopikwa taratibu mpaka yanakatika kwa uma, ngisi wadogo wa kuchoma, uyoga na kiini cha yai. Ukiona haya kuuliza, utakula mkate mpaka siku ya kurudi.

Na saa za kula zina mwenyewe. Mchana ni kama saa saba mpaka saa tisa na nusu, usiku baa zinachangamka kuanzia saa mbili. Saa kumi na mbili jioni huku ni saa ya kahawa.

#4 Karanga_Moto
Si ni Forodhani tu hiyo, ila yenye paa na mvua?

#5 Mtumbatu_Muscat
@Karanga_Moto Forodhani unapata mahali pa kukaa hata kama ni ukutani. Huku nilisimama mpaka magoti yakaomba ruhusa.

#6 Ukhty_wa_Kibokoni
Asalaam aleikum. Nasoma kutoka Mombasa. Mwezi wa tisa mume wangu ana mkutano Bilbao na tunataka kupitia hapo. Sasa mwenzangu, sisi hatuli nguruwe wala hatugusi mvinyo. Tukifika hapo tutakula hewa? Na huko Donostia ndiko kuna lile jumba la makumbusho la Guggenheim, au nachanganya?

#7 Dada_wa_Gros
Guggenheim iko Bilbao, dada, lilifunguliwa 1997. Bilbao na Donostia ni kama kilomita 100, basi linachukua saa moja na dakika kadhaa. Huku jumba letu la kisasa ni Kursaal la Rafael Moneo, 1999, lile la vioo mdomoni mwa mto. Tamasha la filamu hufanyika humo kila Septemba, kwa hiyo mkija mwezi huo wekeni chumba mapema. Wiki ya tamasha bei za hoteli hazina huruma.

#8 Mtumbatu_Muscat
Ukhty, waaleikum salaam. Miye nilikwenda na bi mkubwa wangu, naye ndiye mkali kuliko sisi sote. Hatukulala njaa.

Nguruwe yupo kila mahali, nisikudanganye. Miguu yake imening'inia dari nzima. Lakini bahari ya huko ina kila kitu. Tortilla, yaani chapati nene ya mayai na viazi, nyingi hazina nyama. Uliza tu. Kuna Gilda: zeituni, pilipili za kijani za Ibarra zilizowekwa kwenye siki, na anchoa, samaki mdogo wa chumvi, vyote kwenye kijiti kimoja. Jina wamelitoa kwenye filamu ya 1946 ya Rita Hayworth. Bi mkubwa alikula, akauliza mbona pilipili yenyewe haina pilipili, akaagiza tena.

Jihadhari na vitu viwili. Croqueta, vile vya kukaangwa: mara nyingi ndani mna chembe za nyama ya nguruwe hata kama ubaoni hawakuandika. Na michuzi: samaki wa mchuzi wa kijani mara nyingi hupikwa na mvinyo mweupe. Sisi tulikuwa tunasema "sin cerdo, sin jamón, sin vino", yaani bila nguruwe, bila paja lake, bila mvinyo, kabla hata ya salamu.

Mkipata nafasi mwende Getaria, kwa basi haizidi saa moja. Huko samaki wanachomwa nje ya mgahawa, barabarani kabisa, kwenye makaa, mzima na ngozi yake: chumvi, mafuta ya zeituni na siki kidogo. Bei inauma, nasema kweli, maana huyo samaki bapa wanampima kwa kilo. Lakini ndiyo siku bi mkubwa alinyamaza mezani.

#9 Ukhty_wa_Kibokoni
Shukran sana. Sasa nimeanza kuona njia.

#10 Profesa_wa_Kijiwe
Turudi kwenye hoja ya #1, maana swali zuri limeachwa. Kwa nini mji wa watu wasiofika laki mbili usifiwe kwa chakula kuliko miji mikubwa? Jibu ni ufalme. Mfalme Alfonso XIII alijenga kasri la Miramar pale juu ya ufukwe, familia ya kifalme ikawa inahamia huko kila kiangazi, na matajiri wote wa Madrid wakafuata na wapishi wao. Mji ukazoea kulisha watu wenye midomo migumu.

#11 Shajara
@Profesa_wa_Kijiwe umepanda basi sahihi ukashuka kituo kisicho. Miramar ilikamilika 1893, Alfonso XIII alizaliwa 1886, sasa alijenga akiwa na miaka saba? Aliyejengewa ni mama yake, malkia María Cristina, aliyekuwa anashika utawala kwa niaba ya mwanawe. Na mtindo ulianza kabla yake: Isabel II alikuja kuoga maji ya bahari 1845 kwa ushauri wa madaktari.

Halafu ongeza hili: kuta za ngome zilibomolewa 1863. Kabla ya hapo Donostia ilikuwa mji wa askari uliobanwa. Na Mji Mkongwe mnaouona si mkongwe sana, maana tarehe 31 Agosti 1813 majeshi ya Waingereza na Wareno, waliokuja kuukomboa kutoka kwa Wafaransa, waliupora na kuuchoma karibu wote. Mtaa mmoja uliosalia ndio unaitwa 31 de Agosto mpaka leo, na umejaa baa.

#12 Bwana_Kachumbari
Wakombozi wakachoma mji. Haya.

#13 Dada_wa_Gros
Habari ya wafalme ni kweli lakini mimi hainitoshi. Wafalme walikwenda sehemu nyingi na kwingine hakukubaki kitu. Kwangu mimi siri ni vyama vya kupika. Huku kuna vyama vya wanaume, kimoja cha zamani, Unión Artesana, kilianzishwa 1870. Mwanachama ana ufunguo. Anakuja na samaki wake, anapika mwenyewe, anakula na rafiki zake, mafuta na mvinyo aliotumia kutoka stoo anaviandika na kuacha pesa. Hakuna mtu wa kumsimamia. Miaka zaidi ya mia wanaume wanashindana nani anajua kupika kokotxa, ile nyama ya koo la samaki anayeitwa merluza, kwenye chungu cha udongo kinachozungushwa mpaka mafuta yanakuwa mchuzi mzito.

Wanawake kwa muda mrefu hawakuingia. Siku hizi vingi vinatualika kula, lakini kuna ambavyo ukisogelea jiko wanakuangalia vibaya.

#14 Mama_Kopo
Subiri kwanza. Kuna nchi wanaume wamekataza wanawake KUINGIA JIKONI? Na sisi tunahangaikia nini huku?

#15 Karanga_Moto
Mama, sahani nani anaosha? Hilo ndilo swali.

#16 Dada_wa_Gros
Vingi vina mtu wa kulipwa wa kufanya usafi. Mara nyingi mwanamke 😂

#17 Mama_Kopo
Nilijua.

#18 Tonton_wa_Liège
Bandugu, mimi niko Ubelgiji, nimefanya kazi jikoni miaka mingi. Mnasahau jambo moja: 1976. Juan Mari Arzak na Pedro Subijana walimsikia Paul Bocuse, mpishi mkubwa wa Ufaransa, wakaenda kwake karibu na Lyon kujifunza. Waliporudi wakaungana na wenzao, wakaanza kupika vyakula vya bibi zao kwa namna mpya. Leo mgahawa wa Arzak una nyota tatu za Michelin, cheo cha juu kabisa cha migahawa, tangu 1989, na binti yake Elena yuko jikoni. Subijana pale Akelarre, tatu. Martín Berasategui pale Lasarte, nje kidogo ya mji, tatu. Mpaka wa Ufaransa uko kilomita ishirini tu. Mfaransa alikuwa jirani, wakamwibia ufundi. Ndiyo hivyo tu.

#19 Chumvi_ya_Tanga
@Tonton_wa_Liège nyota tatu zinanihusu nini mimi, mzee wangu? Meza moja huko ni nauli ya ndege. Mimi naongelea mtu wa kawaida na mkewe, wana njaa, mvua inanyesha.

@Dada_wa_Gros nimekusikia habari ya ubao. Ubao wenyewe umeandikwa Kibaski!

#20 Dada_wa_Gros
Kibaski na Kihispania, sehemu nyingi. Sema "kaixo" ukiingia, "eskerrik asko" ukipewa, utaona uso wa mhudumu unavyobadilika. Na ukikuta mzee kazi imemzidi, usinyooshe mkono. Subiri akutazame.

Kuhusu shibe: kama unataka sahani, agiza txuleta. Ni kipande cha ng'ombe mkubwa, aliyezeeka, chenye mfupa na mafuta ya manjano, kinachomwa juu tu, ndani kibichi. Kilo moja watu wawili mtashindwa.

#21 Bwana_Kachumbari
Ndani kibichi. Chumvi, funga uzi.

#22 Kipusa_Westlands
Wasee, na ile keki ya jibini iliyoungua juu? Nairobi sasa iko kila mkahawa. Nasikia ni mapishi ya kale ya Wabaski, wachungaji wa kondoo walikuwa wanaoka kwenye mawe.

#23 Shajara
Wachungaji wa wapi! Ile imetoka baa ya La Viña, hapo hapo mtaa wa 31 de Agosto, na ni ya juzi tu, kama 1990. Mwenye baa, Santiago Rivera, alikuwa anajaribu jaribu mapishi. Jibini laini, mayai, sukari, krimu, unga kidogo. Haina tabaka la biskuti chini. Inaokwa kwa moto mkali ndani ya karatasi, juu inaungua, katikati inabaki laini.

#24 Kipusa_Westlands
Bana si mniache na wachungaji wangu. Niliilipia bei ya historia.

#25 Mtumbatu_Muscat
Wachungaji wana chao: mamia, maziwa ya kondoo yaliyogandishwa, unakula na asali. Na jibini la Idiazabal, la maziwa ya kondoo wa huko, jingine limefukizwa moshi. Mimi keki sikuipenda, utamu umezidi. Mamia ndiyo.

#26 Gunner_wa_Kigamboni
Samahani kuingilia wala vijiti. Donostia si ndiko kwao Arteta, kocha wetu wa Arsenal?

#27 Bwana_Kachumbari
Amefika. Nilikuwa nahesabu dakika.

#28 Dada_wa_Gros
Ndiko, kazaliwa hapa 1982. Yeye na Xabi Alonso walicheza pamoja utotoni timu ya Antiguoko, mtaa wa Antiguo, upande wa pili wa ghuba. Na Zubimendi, mliyemchukua 2025, ni mtoto wa hapa pia. Real Sociedad, timu ya mji, walichukua ligi 1981 na 1982, wakachukua Kombe la Mfalme la msimu wa 2020 kwa kumfunga jirani, Athletic ya Bilbao, 1-0. Fainali yenyewe ilichezwa Aprili 2021 kwa sababu ya korona, uwanja mtupu. Wazee wa hapa bado wanaumia kwamba hawakuwepo.

#29 Shajara
Mnaokwenda mwisho wa ufukwe wa Ondarreta mtaona vyuma vitatu vikubwa vya kutu vimeng'ang'ania miamba, wanaita Peine del Viento, vya 1977. Aliyevitengeneza, Eduardo Chillida, alikuwa kipa wa Real Sociedad kabla goti halijamharibikia. Bahari ikichafuka, maji na hewa vinafoka kwenye matundu ya sakafu. Ni bure, na hapafungwi mchana.

#30 Gunner_wa_Kigamboni
Kipa akaacha mpira akawa fundi vyuma, sisi makipa wetu wakiumia wanakuwa wachambuzi.

#31 Mama_Kopo
Niwarudishe dukani. Jina langu mnaliona: mimi huko nilinunua makopo. Samaki wa makopo wa Wabaski si hawa wa dharura ya mwisho wa mwezi, wanawekwa mezani mbele ya wageni. Bonito del norte, jodari mweupe wa ghuba ya huko anayevuliwa kiangazi, na anchoa. Kidokezo: anchoa, japo ziko koponi, zinakaa kwenye friji. Yangu ilizunguka kwenye begi, ikawa uji.

#32 Ngalawa_Sugu
@Mama_Kopo umesema jodari mweupe. Soma lebo. Ikiandikwa "bonito del norte" sawa, ni wa kwao. Ikiandikwa "atún claro" mara nyingi ni jodari wa bahari za joto, na huenda ametoka hii hii Bahari ya Hindi yetu. Meli kubwa za nyavu za Bermeo, mji wa Kibaski, zinavua huku miaka mingi na kushusha Shelisheli. Mnakumbuka Alakrana? Oktoba 2009 ilitekwa na maharamia wa Kisomali ikiwa na watu 36, wakaachiwa Novemba. Ilikuwa ya Bermeo.

Kwa hiyo ukimsifu Mbaski kwa samaki, uliza samaki wa nani. Kwangu hiyo nayo ni sababu, kuliko malkia na mpishi wa Lyon: hawa ni wavuvi wa mbali tangu enzi za nyangumi na chewa wa Newfoundland. Elcano, aliyemalizia safari ya kwanza ya kuizunguka dunia 1522, alikuwa mtu wa Getaria.

#33 Profesa_wa_Kijiwe
Wavuvi wa mbali wako Ureno pia, Norway pia. Mbona hatuna uzi wa Norway? Mimi bado niko na malkia.

#34 Tonton_wa_Liège
Pesa, ndugu zangu. Gipuzkoa, mkoa wenye Donostia, ni wa viwanda, chuma, mashine. Mfanyakazi ana mshahara mzuri, anaweza kula nje Alhamisi. Bila mteja wa mtaani mpishi hawezi kukua. Hii ninaweka kama sababu ya pili, ya 1976 siiondoi.

#35 Dada_wa_Gros
Umegusa Alhamisi! Gros tuna pintxo-pote, Alhamisi jioni: kinywaji na pintxo kimoja (ndivyo hivyo vipande vyenu vya vijiti) kwa bei ndogo, baa nyingi za mtaa zinashiriki. Wanafunzi wanajaa mpaka barabarani. Watalii wengi hawavuki daraja, wanabaki Mji Mkongwe kulipa zaidi.

#36 Chumvi_ya_Tanga
Hilo la Alhamisi ndilo lilipaswa kuandikwa uwanja wa ndege kwa herufi kubwa.

Mama watoto anauliza habari ya kurudishiwa kodi ya manunuzi. Alinunua kofia ya duara ya Kibaski, viatu vya kamba na vitambaa vya meza vyenye mistari. Tunaishi Birmingham. Risiti tunazo.

#37 Babu_Hamburg
Hakuna kitu. Mimi niliomba nikanyimwa.

#38 Mama_Kopo
@Babu_Hamburg wewe unaishi Ujerumani, ndani ya Umoja wa Ulaya, lazima unyimwe. Chumvi wa Birmingham anastahili, na Ukhty wa Mombasa anastahili. VAT ya Hispania ni asilimia 21 kwa nguo na vitu vingi, chakula ni ndogo zaidi. Tangu 2018 hakuna kiwango cha chini cha manunuzi. Lakini fomu, wanaiita DIVA, unaiomba dukani siku hiyo hiyo kwa pasipoti, na unaipitisha kwenye mashine uwanja wa ndege kabla hujatoka Umoja wa Ulaya. Chumvi, umeshafika nyumbani, kwa hiyo risiti hizo weka kumbukumbu. Na usijaribu kuleta jibini wakati mwingine, Uingereza imezuia nyama na maziwa kutoka Ulaya kwenye mizigo ya abiria tangu Aprili 2025.

Kofia kaipata wapi? Kama ndani imeandikwa Elósegui ni ya Tolosa, wanatengeneza tangu 1858. Nyingi za maduka ya zawadi ni za sufu nyepesi tu.

#39 Chumvi_ya_Tanga
Ameigeuza ndani. Kimya. Sisemi zaidi.

#40 Kipusa_Westlands
😂😂😂

#41 Shajara
Anayependa utamaduni zaidi ya maduka aende tarehe 20 Januari, Tamborrada. Saa sita usiku wanapandisha bendera uwanja wa Constitución, ule ambao madirisha yana namba kwa sababu ulikuwa uwanja wa kuchezea ng'ombe na roshani zilikodishwa. Halafu ngoma masaa ishirini na nne, nusu wamevaa kiaskari, nusu wamevaa kipishi. Wapo wanaosema wachota maji walikuwa wanawadhihaki askari kwa kupiga ndoo na mapipa. Wapo wanaosema ni vyama vya chakula tu vilivyotaka kelele.

#42 Profesa_wa_Kijiwe
Nusu askari nusu wapishi. Ngome na kasri. Nimemaliza.

#43 Dada_wa_Gros
Profesa hujamaliza, vyama vya kupika ndivyo vinavyoongoza makundi mengi ya ngoma!

#44 Ukhty_wa_Kibokoni
Jamani hebu ngojeni na malkia wenu. Mume wangu anauliza: wasiokunywa pombe wanasimama na nini mkononi humo kwenye baa?

#45 Dada_wa_Gros
Mosto. Ni maji ya zabibu yasiyochachushwa, ya baridi, wanakutilia barafu na kipande cha chungwa. Sema tu "mosto", hakuna atakayekuuliza sababu. Lakini usiniombe sidra ukidhani ni juisi ya tufaha, ile ina kilevi, na vyumba vya mapipa vya Astigarraga vinafunguliwa Januari mpaka kama Aprili, Septemba hamvikuti kwenye msimu.

#46 Mtumbatu_Muscat
Na chukueni mwavuli. Septemba hiyo hiyo.

#47 Ukhty_wa_Kibokoni
Mosto, tortilla, samaki wa Getaria, Alhamisi Gros. Nimeandika. Kuna anayejua basi la kutoka uwanja wa ndege wa Bilbao linaondoka kila baada ya muda gani?

#48 Dada_wa_Gros
Mchana karibu kila saa, moja kwa moja mpaka stendi ya Donostia, iko chini ya ardhi pembeni ya kituo cha treni. Nitafute ujumbe binafsi ukikaribia.